Jibu: Girisi ya uchawi kuwashwa moto

Ndugu yangu, wewe unayeongoza mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, umeuliza kama ulimdhulumu mchezaji wako ulipomkatalia kuwasha moto girisi ya uchawi aliyoimwaga ngazini. Kwa sheria hukukosea: kanuni za mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons za 2014 hazisemi popote kwamba girisi ile inawaka. Lakini mimi ningemkubalia, kwa bei. Iwake raundi moja tu, iunguze kwa alama zitakazotoka kwenye dadu moja ya pande 6, na ngazi isipitike kwa wenzake pia.

Muhimu zaidi, bei hiyo itaje kabla hajarusha dadu. Kinachowakera watu ni kushtukizwa, si kukataliwa.

Sisi hapa Mombasa hucheza usiku barazani, mkeka chini, dadu tunazirusha ndani ya sinia zisiporomokee uchochoroni. Majuzi mmoja wetu alitaka kuangusha jarife lililoning'inia darini liwafunike mazimwi wanne. Nikamuuliza, limefungwa kwa kamba gani, na utaifikiaje? Akasema atapanda juu ya pipa aikate kwa jambia. Jibu zuri! Nikampa ugumu wa 15 kwa dadu ya pande 20, yaani apate 15 au zaidi. Ikazunguka, ikagonga ukingo wa sinia, ikatulia kwenye 16. Tulipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha.

Na ukishaamua girisi inawaka, basi inawaka hata akiimwaga adui. Waambie hilo mapema, kisha mrudishie kijana wako nafasi yake kikao kijacho.