Jibu: tuzo za mashabiki kwa kazi za wahusika wanyama, kura yako ina uzito wapi

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kama tuzo zinazoamuliwa na mashabiki zina maana yoyote ikiwa anayebeba ni mwenye wafuasi wengi. La pili, kama dada yako anayechora komiki ya wanyama mtandaoni aanze kuomba kura. Najibu kama mpiga kura wa siku nyingi wa Ursa Major. Mimi sichori wala siandiki hadithi, ni msomaji tu.

Kwa wasiozifahamu, hizi ni tuzo za kazi ambazo wahusika wake ni wanyama wenye akili na tabia za watu: wanaongea, wanavaa, wanapendana, wanadaiana. Zilianzishwa 2001, jina lake ni la kundinyota la Dubu Mkubwa, na zinaendeshwa na watu wa kujitolea chini ya Anthropomorphic Literature and Arts Association. Mmoja wa waasisi wake ni Fred Patten, mhakiki wa Marekani aliyefariki 2018. Kuna makundi ya filamu, riwaya, hadithi fupi, komiki, michoro, michezo ya kompyuta na mengineyo. Kazi inayoshindanishwa ni ile iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka uliotangulia. Kwanza watu wanapendekeza, hadi kazi tano kwa kila kundi. Zilizotajwa zaidi zinaingia fainali, kisha kura ya mwisho inapigwa. Hulipi chochote.

Hilo la kutolipa ndilo watu wengi wanalolilaumu. Wanasema mlango uko wazi mno, kila mtu analeta jeshi lake. Mimi sikubali kwamba kiingilio ndiyo dawa. Angalia Hugo, tuzo za hadithi za kubuni za kisayansi zilizoanza 1953. Kule mpiga kura lazima awe mwanachama aliyelipia kongamano lao la dunia. Mwaka 2015 vikundi viwili vilisambaza orodha za majina ya kupendekezwa, wafuasi wao wakazifuata, na nafasi nyingi za fainali zikajaa majina ya orodha hizo. Wapiga kura wengine walipokuja kwenye kura ya mwisho wakaamua makundi matano yasipewe mshindi kabisa. Baadaye waandaaji wakabadilisha namna ya kuhesabu mapendekezo, kuanzia 2017. Watu walilipa na bado yakatokea, kwa sababu kwenye hatua ya mapendekezo kura hutawanyika sana, na wachache wakienda pamoja wanawashinda wengi wanaokwenda kila mtu kivyake.

Kwa hiyo ukiniuliza uzito wa tuzo hizi uko wapi, nitakwambia uko kwenye mapendekezo. Kura ya mwisho ndiyo inayopigiwa kelele, lakini wakati huo meza imeshaandaliwa.

Jaribu mwenyewe kujaza ile fomu utaona. Kwenye filamu hakuna anayekwama. Zootopia ilipochukua tuzo ya filamu bora ya 2016 sidhani kama kuna aliyeshangaa, karibu kila mtu alikuwa ameiona. Ukishuka kwenye hadithi fupi, mistari mitano mitupu inakutazama. Unajua ulisoma kitu kizuri mwaka ule, kuna fisi karani aliyekuwa anaficha barua za mteja wake, unaikumbuka hadi sentensi ya mwisho, lakini jina la hadithi limekutoka. Mwandishi naye humkumbuki. Ilitoka kwenye mkusanyiko gani? Wengi hapo wanaacha wazi na kusonga mbele. Ndiyo maana kwenye makundi hayo madogo mtu mmoja aliyejaza mistari yote mitano ana nguvu ambayo hatakuwa nayo kamwe kwenye filamu.

Dawa yangu ni daftari kwenye simu. Nikimaliza kusoma kitu kikanikaa, naandika jina la kazi, mwandishi au mchoraji, ilipotoka na tarehe, papo hapo kabla sijalala. Tena waandaaji wana orodha ya kazi zinazopendekezwa kusomwa ambayo mashabiki huijaza mwaka mzima. Kuwemo humo hakukupi kura hata moja, lakini anayekwama kwenye fomu huwa anaifungua kujikumbusha. Binafsi naona orodha hiyo ina faida kwa msomaji kuliko jina la mshindi. Mshindi mara nyingi nilishamsoma. Humo nimekutana na watu ambao nisingewasikia popote.

Sasa hoja ya wenye wafuasi wengi. Ni kweli ipo, ila chanzo chake si hila. Chukua komiki fupi za mtandaoni. Housepets! ya Rick Griffin imeshinda kundi hilo miaka mingi mfululizo. Riwaya inapata mwaka mmoja tu wa kushindana, ikipita imepita. Komiki inayotoka kila wiki ina vipande vipya kila mwaka, kwa hiyo inarudi uwanjani kila mwaka, na wasomaji walewale ikiwalimbikiza. Mgeni anakutana na mlima. Mimi ningependa mshindi apumzishwe mwaka mmoja, ingawa kila nikilisema hili kuna wanaonijia juu kwamba kazi bora haiadhibiwi kwa ubora wake. Haya.

Anayetaka hukumu ya wenye fani badala ya mashabiki atazame waliowahi kushinda Cóyotl, tuzo za chama cha waandishi wa hadithi za aina hii kiitwacho Furry Writers' Guild, ambako waliopiga kura ni wanachama. Lakini hizo ni za maandishi, kwa mchoraji hazisaidii.

Kuhusu dada yako: aseme, ila aseme kwa kiasi. Kuwaambia wasomaji wake mara moja kwamba komiki yake inastahiki mwaka huu na kwenye kundi fulani ni taarifa ya kawaida, na wengi wanaihitaji. Kuwapa majina matano ya kunakili ni kitu kingine, na watu wanaofuatilia tuzo hizi wanakinusa upesi.

Kundi alitaje waziwazi, hapa ndipo kazi nyingi ndogo zinapopotelea. Kuna kundi la hadithi ndefu ya picha na kuna la komiki fupi za vipande vichache. Kama kazi yake ni simulizi moja inayoendelea ukurasa baada ya ukurasa, mahali pake ni kwenye hadithi ya picha. Asipolisema, nusu ya wasomaji wataandika huku na nusu kule, na kura ambazo pamoja zingemfikisha fainali zinagawanyika hazifiki popote.

Halafu aweke tarehe kwenye kila ukurasa wa komiki, na jina lake, lilelile kila mahali. Nimewahi kutaka kupendekeza mchoro mzuri sana wa mbweha na wanawe kwenye mvua, nikazunguka nusu saa nikitafuta ulichapishwa lini na umechorwa na nani. Sikupata, nikajaza mwingine.