Maswali yenu: kopo la sokoni, bosi "hayupo" na mkopo wa mbegu

Bwana asifiwe, Mtumishi. Nauza maharage sokoni. Kopo langu limebonyezwa kitako kama la wenzangu wote, na wateja wanajua. Nikitumia kopo zima napata hasara. Nikitolea fungu la kumi faida hiyo, si inakuwa halali?

Dada yangu, kama wateja wanajua, mbona hulipindui wakaona kitako kabla hujapima? Mimi nimekulia kwenye meza ya dagaa ya shangazi. Tulikuwa tunaligonga kopo jipya kwa mchi, kisha tunalipaka masizi ili lionekane la siku nyingi. Mlio wa lile bati naujua mpaka leo. Hatukuita wizi, tuliita "kulitengeneza".

Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuwa na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo. Na hilo fungu la kumi linanikumbusha Sauli katika 1 Samweli 15: aliambiwa asibakize kitu cha Waamaleki, akabakiza kondoo wanono. Samweli alipouliza mbona anasikia kondoo wanalia, akajibiwa kwamba ni wa kumtolea Mungu dhabihu. Dhabihu ile haikupokelewa.

Nunua kopo zima, upandishe bei, na mteja akiuliza mwambie sababu. Wapo watakaohamia meza ya jirani, sikufichi. Miezi ya mwanzo itauma. Kuhusu uliokwisha kuwapunja, watu wa uamsho wa Kikristo ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 walikuwa wanawarudia wenyewe, wakiungama na kurudisha walichochukua. Wewe unao wateja wa kila siku. Anza na hao, nyongeza ya kweli kila wakija, na uwaambie ni ya nini.

Mimi ni karani wa mapokezi. Bosi ananiagiza niseme hayupo wakati yumo ndani. Nifanyeje?

Sema, "Kwa sasa hapokei wageni, nimpe ujumbe gani?" Lakini mweleze bosi kwanza, faraghani na kwa adabu, kwamba ndivyo utakavyokuwa unajibu. Mabosi wengi wanachotaka ni utulivu tu.

Nimefunga siku saba Mungu anionyeshe kama nimfuate kaka yangu. Tuligombania mpaka wa shamba la marehemu baba, hatujasemezana miaka miwili.

Alishasema, ndugu yangu. Mathayo 5:23-24: acha sadaka yako pale madhabahuni, uende ukapatane kwanza na ndugu yako. Nisamehe nikisema wazi: hizo siku saba naona umejificha ndani yake. Kula, kisha mpigie simu. Kupatana si lazima umwachie shamba. Mpaka waiteni wazee waliokuwepo baba alipogawa, waje wauonyeshe. Ila salamu haihitaji wazee.

Kiongozi wetu wa kanisa ametangaza kila familia itoe laki tano za "mbegu", yaani sadaka ya kupanda ili Mungu akubariki, asiye nazo akakope. Anasema asiyemtii yeye amemkataa Mungu. Ninayo ada ya mtoto tu. Niitoe?

Usiitoe, mama, wala usikope.

Najua anawasomea Waebrania 13:17, watiini wenye kuwaongoza. Ni neno la Mungu, silipingi. Lakini katika Matendo 17 watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, na wanasifiwa kwa hilo. Nanyi chunguzeni 2 Wakorintho 8:12: mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho, si kwa asicho nacho. Soma pia Marko 7, Yesu anavyowakaripia waliowanyima wazazi wao msaada kwa kusema mali hiyo ni korbani, yaani wakfu kwa Mungu. Ada ya mtoto naiweka hapo hapo.

Mheshimu, msalimie, usimseme vibaya visimani. Akikuuliza, mjibu kwamba hela ilikuwa ya shule. Kailipe kabla ya Jumapili, na risiti uitunze.