Usilipie hilo gari kabla hujajua giaboksi yake ina oili gani

Simama hapo hapo, mkuu. Umeandika kwamba unauza gari lako la miaka ya 90 lenye otomatiki ya gia nne, uchukue la kisasa lenye CVT na kilomita 110,000, na muuzaji kakuhakikishia kuwa "giaboksi imefungwa toka kiwandani, oili yake haiguswi". Kauli hiyo imefilisi watu wengi kuliko ajali. Maswali yako ya ulaji wa mafuta na spea nitayafikia nikikumbuka.

CVT ni otomatiki isiyo na hatua za gia. Ina puli mbili, na katikati yake mkanda au mnyororo wa chuma. Oili yenye presha ndiyo inayobana puli zishike mkanda. Kwa hiyo oili hiyo hiyo inalainisha, inapooza, inaendesha vali za giaboksi, na juu ya yote inatakiwa iruhusu chuma kishike chuma bila kuteleza. Ikichoka kwa joto, mkanda unaanza kuteleza kidogo kidogo na kuchubua uso wa puli. Vumbi la chuma linaingia kwenye vali, presha inashuka, mkanda unateleza zaidi. Hapo hata umwage oili mpya kila wiki, puli iliyochubuka haiponi. Unanunua giaboksi nzima, na bei yake uisome ukiwa umekaa.

"Imefungwa" maana yake haina kijiti cha kupimia oili, basi! Plagi ya kumwagia ipo, na ya kupimia ipo. Anayekwambia haibadilishwi anahesabu maisha ya giaboksi mpaka waranti iishe, wewe unataka gari liishi baada ya hapo. Badilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Kwenye foleni, milima na joto kali shika ile namba ndogo.

Wapo na wale wa kundi la pili, mafundi wa "ATF zote ni moja", yaani oili zote za giaboksi za otomatiki ni sawa. Hao nawaogopa kuliko muuzaji, maana muuzaji anakudanganya mara moja tu. ATF ya kawaida imetengenezwa kwa klachi za otomatiki ya gia, si kwa mkanda wa chuma. Kila kampuni ina oili yake ya CVT: Nissan wana NS-2 na NS-3, Honda wana HCF-2, Toyota wana TC na FE, na hata ndani ya kampuni moja usichanganye kwa kubahatisha. Fuata jina lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Rangi haikwambii kitu, kwa hiyo fundi anayechovya kidole na kusema "hii ni ile ile" mwache aendelee na kidole chake.

Kazi yenyewe iko hivi. Gari likae sawa, pande zote nne. Mwaga oili ya zamani, pima kilichotoka. Mara nyingi itatoka kama nusu tu, kwa sababu nyingine imebaki kwenye toki konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi) na kwenye kipoozeo, ndiyo maana kwa oili iliyochakaa unarudia mara mbili au tatu, ukiendesha kidogo katikati. Fungua sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), futa sumaku iliyomo. Tope laini la kijivu ni kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa na kuchoma kidole, rudisha boliti na ukatafute gari jingine. Badilisha chujio na gasketi. Kisha weka oili, washa injini, pitisha gia P, R, N, D taratibu, na upime kimo kwenye joto lililotajwa na kiwanda, kwa kusoma skana, kile kifaa kinachochomekwa kwenye kompyuta ya gari. Ikipimwa baridi utajaza kupita kiasi, ikipimwa ya moto sana utaacha pungufu. Pungufu ina maana pampu inanyonya hewa, na hewa haibani mkanda.

Kwenye majaribio, usikubali kukuta injini imeshapashwa moto. Liwashe baridi, kisha liendeshe si chini ya nusu saa na upande mlima. Injini ikipiga kelele mwendo usipopanda, hapo kuna kuteleza. Mtetemo kwenye mwendo wa kilomita 20 hadi 40 kwa saa, mvumo unaokua na mwendo, au kuchelewa kushika D, vyote ni sababu ya kuaga kwa heshima. Chomeka skana. Ukikuta namba ya kosa P0776, presha ya puli ina tatizo. Ukikuta hakuna kosa lolote lakini vipimo ambavyo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe vinaonyesha havijakamilika, huenda kuna mtu kafuta makosa karibuni, au betri ilichomolewa.

Na ule wimbo kwamba magari ya zamani yalikuwa imara? Unayaona yaliyobaki, hujaona yaliyokwenda kuyeyushwa. Kabureta yenye choki ilikuwa inamwaga petroli ya ziada kwenye silinda na kuosha oili, wakati mfumo wa kupuliza mafuta unapima kwa sensa, kwa hiyo injini nyingi za leo zinalika polepole zaidi. Tofauti ni kwamba gari la zamani lilikuwa linasamehe uzembe, na CVT haisamehi.

Mafuta utaokoa, ndiyo. Spea waulize wengine humu. Wewe tupia hapa mwaka wa gari na namba ya giaboksi iliyo kwenye kibati, tukwambie oili gani kabla hujatoa hata senti.