Miradi ya wanafunzi inayoishia njiani

SWALI: Wanafunzi wangu wa darasa la tano wanaomaliza kazi mapema nimewapa miradi ya kufanya wenyewe. Wengi hawafiki mwisho. Nifanyeje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, mara nyingi kosa ni swali pana mno. “Mimea” haina mwisho. “Je, maharage yaliyolowekwa usiku kucha huota mapema kuliko makavu?” lina mwisho. Mwanafunzi apande mbegu 10 za kila aina, udongo uleule, maji vijiko 2 kwa kila kikombe asubuhi, siku 10. Vikombe vitobolewe chini. Visipotobolewa mbegu huoza, na mtoto atadhani kuloweka ndiko kulikoziua. Ahesabu machipukizi na kuandika papo hapo, si Ijumaa kwa kukumbuka. Nawe pitia daftari lake kila wiki, dakika 5 tu, lakini usikose.