Kujitolea katika duka la hisani Uingereza: yaliyonipata mimi

Ndugu, umeuliza iwapo mwanafunzi mgeni nchini Uingereza anaweza kujitolea katika duka la hisani, yaani lile linalouza vitu vilivyotolewa bure na watu ili kulichangia shirika la misaada, bila kuhatarisha viza yake, na kama kuna faida yoyote katika kazi isiyo na ujira. Nitakujibu kwa yaliyonipata Leeds, nilikosoma shahada ya uzamili.

Kuipata nafasi ni rahisi. Niliingia dukani Jumanne asubuhi, wateja wakiwa wachache, nikamwomba meneja fomu. Walitaka majina ya watu wawili wa kushuhudia tabia yangu, nikaandika la mhadhiri wangu na la mama mwenye nyumba.

Kwenye viza ndiko unakopaswa kuwa makini. Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kujitolea kwa hiari, ambako unaweza kuacha wakati wowote na hulipwi chochote isipokuwa kurudishiwa nauli na gharama nyingine ulizotumia kweli, hakuhesabiwi katika saa hizo. Lakini ukifungwa na makubaliano yanayokulazimisha kufika zamu fulani, huenda ikahesabiwa kuwa ni kazi hata kama huoni senti. Baada ya miezi miwili meneja alinitaka nisaini karatasi ya kushika funguo na kufungua duka kila Jumamosi. Nilifurahi kuaminiwa, ila wakati huo nilikuwa naosha vyombo hotelini saa 18 kwa wiki, na mshauri wa wanafunzi wa kigeni pale chuoni aliponieleza hesabu ilivyo, nilirudi nikakataa kwa adabu. Meneja hakukasirika, kumbe hata yeye hakuijua kanuni hiyo.

Kazi yenyewe huanzia chumba cha nyuma, penye milima ya mifuko iliyoachwa na watu. Unakagua kola, makwapa na zipu, unapekua mifuko ya suruali, kisha unainyoosha nguo kwa pasi ya mvuke, unaitundika kwenye hanga na kubandika bei. Hapo sikuwa mgeni, kwa kuwa shangazi yangu aliuza mitumba Karume, Ilala, nami nimefungua marobota tangu utotoni. Nguo iliyokaa kwenye hanga wiki kadhaa bila mnunuzi iliondolewa na kuuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara wa nguo kuukuu, ambao husafirisha sehemu yake hadi Afrika. Nakiri kwamba mara ya kwanza kufunga gunia la namna hiyo nilikaa kimya kidogo, nikijiuliza ni nani kwetu atakayelifungua na kulalamika kwamba gredi si nzuri.

Faida kubwa niliipata kaunta, si kwenye magunia. Kiingereza changu cha darasani kilitosha kuandika tasnifu, lakini hakikutosha kumwelewa bibi wa Yorkshire anayeulizia sindano za kufumia huku akimeza nusu ya maneno. Zaidi ya hayo, kila anayeleta mfuko ilinibidi nimwulize kama analipa kodi nchini humo, kwa sababu chini ya mpango uitwao Gift Aid serikali huliongezea shirika peni 25 kwa kila pauni inayotokana na vitu vyake. Kumwuliza mtu usiyemjua habari za kodi yake, kwa upole na bila kumchukiza, mara ishirini kwa siku, kulinifunza lugha kuliko semina yoyote niliyohudhuria.

Ukiamua kuanza, omba nusu siku moja tu kwa wiki hadi uone muhula unakubana kiasi gani, na uwaeleze mapema tarehe za mitihani. Vaa viatu vya kusimamia. Nilipoondoka, meneja yule ndiye aliyeniandikia barua ya utambulisho niliyoitumia kuombea kazi yangu ya kwanza Dar es Salaam.