Slipa klachi: ubaki na iliyokuja na pikipiki au ununue nyengine?

Maswali ya slipa klachi, yaani klachi inayojiachia kidogo yenyewe ukiteremsha gia ghafla, yamekuwa mengi tangu vijana hapa Malindi waanze kuleta pikipiki za spoti, nayajibu moja moja.

Nina Ninja 400, nimeambiwa nitoe klachi yake niweke ya resi. Nifanye hivyo? (Msomaji wa Watamu)

Usitoe kaka, tafadhali. Ninja 400 ya kuanzia 2018 inakuja na slipa klachi yake ndani, tena ile yenye asisti, yaani inayojisaidia kubana. Kule ndani kuna vyuma vimechongwa kama vimteremko, ukiteremsha gia ghafla tairi la nyuma linataka kuikimbiza injini, basi vile vimteremko vinaisukuma pleti ya kubana inaachia kidogo, klachi inateleza, tairi halidundi. Alafu ukivuta mafuta vimteremko vya upande wa pili vinaibana zaidi, ndo maana springi zake ni laini na levya waivuta kwa vidole viwili. Sasa wataka kulipia kitu ambacho unacho?

Mimi ni wa boda, Boxer 150. Itanisaidia? (Barani)

Hapana ndugu yangu. Injini ndogo hiyo haina nguvu ya kulirusha tairi la nyuma hivyo. Pesa hiyo weka breki shuu na tairi, abiria wako atakuwa salama zaidi.

CBR600RR ya 2008, nikiteremsha gia naikaribia steji ya Gede nyuma inarukaruka. Ninunue?

Wewe ndo mwenye sababu, manake Honda hiyo ya miaka ile haikutoka na slipa. Kuna STM wa Italia, Sigma wa Uingereza, Suter wa Uswisi, hao wote ni watu wa resi na nyingi ya klachi zao unabadilisha springi mpaka iachie vile unavyotaka. Lakini kabla hujaagiza, teremsha gia moja moja na upige mafuta kidogo katikati ndo uachie klachi, jaribu wiki nzima. Mimi nilijifunza hivyo baada ya nyuma kunihama mchana mmoja nikielekea Mambrui, nimepita daraja la Sabaki, upepo umemwaga mchanga juu ya lami, niliteremsha gia mbili kwa pupa na moyo ukanitoka. Kama bado inaruka basi nunua, ila hakikisha ni ya modeli yako na mwaka wako, na uagize pleti za akiba pamoja, kwa sababu ikikufia hapa utakaa unasubiri mzigo na pikipiki imelala. Na ujue injini haitakushikilia kama zamani, breki zako ziwe nzima.

Levya yapigapiga vidoleni nikiteremsha gia. Imeharibika?

Haijaharibika dada, hiyo ni pleti ya kubana inapanda na kushuka, slipa inafanya kazi yake. La kuogopa ni injini kupiga kelele ukivuta mafuta na mwendo hauongezeki. Kuna kijana aliniletea yake hivyo, nilipofungua kava nikakutana na harufu ya kuungua na pleti za chuma zimegeuka buluu, kumbe ametia oili ya gari, na zile za gari nyingi zina vitu vya kulainisha vinavyofanya klachi iteleze. Tafuta iliyoandikwa JASO MA au MA2, hiyo ni alama ya oili ya pikipiki isiyotelezesha klachi, na levya iwe na uhuru kidogo kabla haijaanza kuvuta. Ukija gereji njoo na hilo galoni unalotumia, nilisome kabla sijagusa hata nati moja.