Kucheza nyimbo na video zako kutoka hifadhi ya mtandaoni

Ndugu wa Mafinga, nimekuelewa: diski yako ya GB 500 imeanza kugandaganda, ina nyimbo za kwaya na video za harusi za familia, na unataka uziweke Amazon S3 au Backblaze B2, hifadhi za mtandaoni za kulipia, uzicheze kwenye simu bila kuzipakua. Inawezekana. Mimi hapa Uyole nafanya hivyo mwaka wa tatu sasa.

Nakili kwanza, tena leo. Tumia rclone, programu ya kunakili mafaili kwenda hifadhi ya mtandaoni kwa kuandika amri; umeme ukikatika, rudia amri ileile, itaruka mafaili yaliyokwishafika. Diski ikianza kugonga tik-tik ndani, ichomoe mara moja usiijaribu tena, mpelekee fundi wa kuokoa data. Harusi ya mama hairudiwi.

Baada ya hapo rclone hiyohiyo itaionyesha hifadhi kama folda ya kawaida kwenye kompyuta yako, na Jellyfin, programu ya kuchezesha nyimbo na video zako mwenyewe, itasoma humo na kurusha kwenye simu.

Shida kubwa ni gharama. Wimbo wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula karibu MB 1 kwa dakika, lakini video ya megabiti 5 kwa sekunde inakula zaidi ya GB 2 kwa saa. Hapo ni bando lako tu. Wenye hifadhi nao wanaweza kukutoza kila GB inayotoka. Mwezi wangu wa kwanza ankara ya kutoa ilizidi ya kutunza, nikaumia kweli. Siku hizi video za kutazama nazipunguza kwa programu ya HandBrake hadi 480p, yaani ubora wa chini unaokula data kidogo, zile halisi naziacha zitulie.

Daraja la Glacier Deep Archive, lile la Amazon S3 la kuweka mafaili yasiyoguswa mara kwa mara, usiliguse kwa kazi hii: faili linaweza kuchukua saa 12 kupatikana. Na hakikisha hifadhi haiko wazi kwa umma.